Insha za kuuza zinavyovitia mashakani vyuo vikuu vidogo

MITAA ya mashariki mwa Nairobi, ile ambayo wenyeji huiita Eastlands, hutajwa magazetini kwa mambo mengi: msongamano wa magari katika barabara ya Jogoo, uhaba wa maji, majumba ya ghorofa yanayochipuka kama uyoga huko Pipeline na Tassia. Ni nadra mitaa hiyo kutajwa kuwa mahali panapoandikwa insha za wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza, Marekani na Australia. Hata hivyo, kama ilivyo katika sehemu nyingine za jiji, kazi hiyo imekuwa ikifanywa humo kwa zaidi ya mwongo mmoja. Hufanywa usiku, katika vyumba vya kupanga vya Umoja, Kayole na Donholm, na wanaoifanya ni wanafunzi au vijana waliokwisha kuhitimu wakakosa ajira.

Makala haya yanaeleza jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa, kwa nini mitambo ya kunasa udanganyifu imeshindwa kuinasa, na kwa nini madhara yake kwa vyuo vidogo vya hapa nyumbani ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Mjadala mwingi umekuwa juu ya mwanafunzi wa ng'ambo anayenunua. Huyu wa kwetu anayeuza, ambaye kesho yake asubuhi anatakiwa awe darasani, amesahauliwa.

Tuanze na maana. Mwanafunzi anayechukua aya kitabuni au katika intaneti na kuzitia kwenye kazi yake bila kumtaja mwenyewe amefanya wizi wa kitaaluma, na wizi huo huacha alama: maneno yaliyoibwa yapo mahali pengine na yanaweza kulinganishwa. Biashara tunayoizungumzia ni ya namna nyingine. Hapa mwanafunzi humlipa mtu amwandikie kazi mpya kabisa, ambayo haijapata kuonekana popote, kisha huiwasilisha kwa jina lake. Mwaka 2006 wahadhiri wawili wa mji wa Birmingham, Uingereza, Robert Clarke na Thomas Lancaster, walieleza jinsi wanafunzi walivyokuwa wakitangaza kazi zao za darasani katika tovuti za zabuni, mahali ambapo wataalamu wa kompyuta walikuwa wakigombea vibarua. Wakaupa mtindo huo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita udanganyifu wa kandarasi. Jina hilo limedumu kwa sababu linasema kweli: kuna anayetoa kandarasi, kuna anayepewa, na katikati yao kuna dalali.

Dalali huyo ni kampuni yenye tovuti. Mteja aliye Manchester au Texas hujaza fomu, akataja mada, idadi ya kurasa, kiwango cha elimu na saa ya mwisho, kisha akalipa kwa kadi. Ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa maneno 275. Kazi hiyo huonekana katika orodha ya waandishi waliosajiliwa, nao huigombea. Mwandishi akichelewa hukatwa malipo. Mteja akilalamika hukatwa. Sifa zake zikishuka hapewi tena kazi nono. Kinachomfikia ni sehemu ndogo tu ya kile alicholipa mteja.

Nairobi imeongeza tabaka lake katika mnyororo huu. Kwa kuwa tovuti nyingi hazisajili waandishi wapya ovyo, akaunti yenye sifa nzuri imekuwa mali. Huuzwa, hukodishwa, na wengine huwaachia jamaa zao. Mwenye akaunti tatu au nne hawezi kuandika kazi zote mwenyewe, hivyo huwagawia wengine kwa malipo ya chini zaidi, naye akabakia na tofauti. Wa chini kabisa aghalabu ni mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, asiye na akaunti, anayelipwa kwa ukurasa kupitia M-Pesa, na asiyejua jina la mteja wala la chuo anachosomea.

Kwa nini Nairobi? Sababu hazifichiki. Nyaya za mawasiliano zilizopitishwa chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na intaneti ikawa ya kasi na ya bei nafuu. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika shule zetu, na mtihani wa shule za msingi wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa umewazoesha watoto kutunga insha ya Kiingereza kwa dakika chache wakiwa bado na kaptura. Mwaka 2018 Safaricom na PayPal zikaunganisha huduma zao, ikawa fedha za ng'ambo zinaweza kutolewa kwa simu. Serikali yenyewe ilikuwa imeanzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwahimiza vijana watafute kazi mtandaoni. Mpango huo haukulenga udanganyifu, lakini kijana aliyefunzwa kutafuta kibarua mtandaoni alikuta insha zikimsubiri, zikiwa nyingi kuliko vibarua halali.

Juu ya yote hayo kuna tofauti ya saa. Saa sita za mchana jijini New York ni saa moja au saa mbili za usiku hapa, kutegemea msimu. Kazi inayotakiwa huko kabla ya jioni huandikwa hapa watu wakiwa wamelala. Matatu za kwanza zinapoanza kuita abiria katika kituo cha Mutindwa, kijana wetu ndiye kwanza anafunga kompyuta. Saa mbili asubuhi ana somo. Akienda, anasinzia, asipokwenda, jina lake linatiwa tiki na rafiki yake, ambaye naye atafanyiwa hivyo wiki ijayo.

Ukubwa wa biashara hii ni vigumu kuupima, maana wanaoifanya hawajisajili popote. Lakini dunia imekwisha kuijua. Septemba 2019 gazeti la New York Times lilichapisha taarifa ndefu kuhusu vijana wa Kenya wanaowaandikia Wamarekani. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya The Shadow Scholars, iliyoongozwa na Eloise King, ambamo Patricia Kingori, profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyezaliwa Kenya, anarejea Nairobi kukutana na waandishi hao. Kwa upande wa wanunuzi, Philip Newton wa Chuo Kikuu cha Swansea alichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa tafiti 65 zilizofanywa tangu mwaka 1978. Kwa jumla wanafunzi 3.5 katika kila 100 walikiri kuwahi kumlipa mtu awafanyie kazi. Katika tafiti za kuanzia mwaka 2014 idadi hiyo ilikuwa karibu 16. Newton mwenyewe alitahadharisha kuwa tafiti hizo hazikufanana kwa ubora, na ni busara kumsikiliza. Hata hivyo, mtu akiulizwa kama amewahi kudanganya, kosa la kawaida si kujisingizia.

Profesa Kingori anagusa jambo ambalo wengi hulipita. Vijana hawa, bila ya maktaba kubwa wala msimamizi, huandika leo juu ya uuguzi, kesho juu ya falsafa ya Kijerumani, keshokutwa juu ya sheria za mikataba za Australia, na kazi zao hupata alama za juu. Uwezo wanao. Lakini uwezo huo haujulikani kuwa ni wao; cheti huandikwa jina la mwingine. Binafsi siwaweki katika kapu moja mnunuzi aliyelipiwa karo na kila kitu, na muuzaji anayetafuta kodi ya nyumba ya mwezi. Walakini udanganyifu unabaki kuwa udanganyifu, na mgonjwa atakayehudumiwa na muuguzi asiyesoma hatajali kodi hiyo ilikuwa ya nani.

Sheria zinasemaje? Mataifa ya wanunuzi yameanza kuchukua hatua dhidi ya wauzaji. New Zealand ilitangulia, Ireland ikafuata mwaka 2019. Australia ilipitisha sheria mwaka 2020 inayoweza kumfunga mtoa huduma hiyo kwa biashara hadi miaka miwili. England nayo ikaiharamisha biashara hiyo katika sheria ya stadi na elimu iliyopata idhini ya malkia Aprili 2022. Marekani haina sheria moja ya taifa, ingawa majimbo kadhaa yana zake. Sheria hizi zinamlenga anayeuza na anayetangaza. Mwanafunzi anayenunua huachiwa chuo chake. Nazo zikishavuka bahari hupoteza meno, kwani hakuna askari wa London atakayebisha hodi Kayole kwa sababu ya insha ya kurasa sita.

Hapa Kenya, sheria ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) ya mwaka 2012 ina adhabu kali kwa wanaoiba mitihani. Lakini mitihani hiyo ni ile ya kitaifa ya baraza hilo. Insha ya chuo kikuu haimo. Jambo hilo limeachwa mikononi mwa seneti ya kila chuo, na hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala haya.

Ili kuelewa kinachotokea vyuoni mwetu, hatuna budi kutazama namna alama zinavyotolewa. Katika vyuo vingi vya Kenya, majaribio na kazi za muhula huchangia alama 30, na mtihani wa mwisho, unaofanywa ukumbini chini ya macho ya wasimamizi, alama 70. Ng'ambo, kozi nyingi hutahiniwa kwa insha peke yake. Ndiyo maana soko la insha liko huko. Mwanafunzi wa kwetu, kwa miaka mingi, alipotaka kudanganya aliwaza ukumbi wa mtihani, na chombo chake kilikuwa mwakenya.

Neno hilo lina historia yake. Mwakenya lilikuwa jina la vuguvugu la siri lililopinga utawala wa Rais Daniel arap Moi, na mwaka 1986 wahadhiri, wanafunzi na watu wengine wengi walikamatwa na kufungwa kwa kuhusishwa nalo. Kukutwa na karatasi zake ilikuwa hatari kubwa. Wanafunzi wa vyuo wakalichukua jina hilo wakakipa kile kikaratasi cha majibu kinachofichwa katika soksi au mkunjo wa shati, maana nacho hakitakiwi kuonekana. Kizazi cha leo kinalitumia neno hilo bila kujua lilikotoka. Jambo moja lakini ni la kukumbukwa: aliyeandika mwakenya alilazimika kuusoma mhadhara mzima, kuchuja yaliyo muhimu na kuyabana katika kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Wapo waliomaliza kazi hiyo wakakuta hawaihitaji tena karatasi.

Aliyezoea biashara ya insha hafanyi hivyo. Kwake kazi ya kitaaluma ni bidhaa yenye bei kwa ukurasa, na hawezi kuwa na mizani miwili, mmoja wa Texas na mwingine wa nyumbani. Zamu yake ya kuandika kazi ya muhula inapofika, naye ana oda tatu za ng'ambo zinazolipa, atafanya hesabu ya kibiashara: atampa mwenzake kazi yake mwenyewe kwa bei ya chini, yeye aendelee na zile za dola. Kwa hiyo tunapata ajabu hii, kwamba kijana anayeandika vizuri kuliko darasa zima huenda asiandike hata ukurasa mmoja wa shahada yake.

Pengo kubwa zaidi liko katika mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho. Huo haufanywi ukumbini. Mwanafunzi hutakiwa kuchagua mada, kukusanya takwimu, kuzichanganua na kuandika ripoti. Karibu na kila chuo, na katika maduka mengi ya saiba, utaona matangazo ya huduma ya kuandika pendekezo la utafiti, kuchanganua takwimu na kujalidi, yote kwa pamoja, kana kwamba ni kazi za aina moja. Kujalidi ni kazi halali, na kupiga chapa pia. Mteja huingia akitaka kuchapisha kurasa 40, akatoka ameahidiwa kurasa hizo na yaliyomo ndani yake.

Kisha ukaja ugonjwa wa Covid-19. Machi 2020 taasisi zote za elimu zilifungwa, na vyuo vilivyotaka kuendelea vikahamishia masomo na baadhi ya mitihani mtandaoni. Zile alama 70 zilizokuwa zikilindwa na kuta nne zikajikuta katika kompyuta ya nyumbani. Vijana waliokuwa wamezoea kufanya kazi za wageni kwa kasi na kwa siri walikuwa tayari.

Kwa nini ninasema vyuo vidogo ndivyo vinavyoumia? Vikubwa navyo havijasalimika. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilitunuku shahada za uzamifu 118 kwa mkupuo mmoja, maswali yakazuka kuhusu namna watahiniwa wengi hivyo walivyosimamiwa, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ikachunguza. Lakini chuo kikubwa kina jina la miaka mingi linaloweza kustahimili pigo. Chuo cha wanafunzi mia chache, kinachokodi ghorofa mbili juu ya duka, hakina. Mwajiri akishaletewa wahitimu wake watatu wasioweza kuandika barua, hatamwita wa nne. Na huyo wa nne huenda ndiye aliyesoma kweli.

Tusichanganye jambo hili na lile la vyeti ghushi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) ilieleza kuwa ukaguzi ulikuwa umebaini zaidi ya watumishi 2,000 wenye vyeti vya kughushi. Cheti cha kughushi hunaswa kwa barua moja kwa chuo kinachodaiwa kukitoa. Cheti halali kilichopatikana kwa kazi za kununua hakina dosari yoyote katika sajili. Chuo chenyewe kitakithibitisha.

Udhaifu wa chuo kidogo ni wa fedha kabla ya kuwa wa maadili. Miaka ya 2000 wanafunzi wanaojilipia karo walifurika katika vyuo vya umma na vya kibinafsi, baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kufungua mlango huo mwaka 1998, na kampasi zikafunguliwa hadi juu ya vilabu na maduka makubwa. Halafu mitihani ya KCSE ikadhibitiwa. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 169,000 walipata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo ya kuingilia chuo kikuu. Mwaka 2016, baada ya mageuzi yaliyosimamiwa na aliyekuwa waziri wa elimu, Fred Matiang'i, wakawa chini ya 89,000, na mwaka 2017 wakapungua hadi takriban 70,000. Waliopata A kamili walishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141 kwa mwaka mmoja. Kudhibitiwa kwa wizi wa mitihani ya sekondari kuliwafanya wanafunzi wa kulipa kuwa haba, na kila mmoja wao akawa wa thamani. Sasa mhadhiri anapompeleka mwanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu, chuo kinaona karo ya mihula minne ikielekea mlangoni. Hakuna kikao kinachoandika hivyo katika kumbukumbu zake. Kesi huahirishwa tu, mhadhiri akaombwa ushahidi zaidi, muhula ukaisha.

Mhadhiri naye ni nani? Katika vyuo hivi aghalabu ni wa muda, anayelipwa kwa saa za kufundisha, na mara nyingi analipwa kwa kuchelewa miezi kadhaa. Jumatatu yuko kampasi moja mjini, Jumanne asubuhi Thika Road, jioni yuko kwingine. Anabeba marundo ya karatasi ndani ya matatu. Hapati nafasi ya kumjua mwanafunzi kwa jina, sembuse kwa mwandiko. Ndiposa vyuo vikakimbilia mitambo.

Mtambo ulio maarufu zaidi, Turnitin, ulianzishwa California mwaka 1998. Hulinganisha maandishi ya mwanafunzi na hazina kubwa ya kurasa za intaneti, majarida na kazi za wanafunzi wengine, ukatoa asilimia ya mfanano. Kwa wizi wa kunakili, unafaa. Kwa insha iliyoandikwa upya jana usiku Umoja, hauna la kulinganisha. Asilimia itakuwa ndogo, na mhadhiri aliyechoka ataiona kuwa hati ya usafi.

Novemba 2022 ikaja programu ya akili unde ya ChatGPT, ambayo huandika insha kwa sekunde chache bila malipo. Oda za insha zilipungua na bei zikaporomoka, waandishi wengi wa Nairobi wakalalamika kuwa mashine imewapokonya tonge. Oda za aina mpya zikaanza kuja: mteja analeta insha iliyoandikwa na mashine na kuomba ifanywe ionekane ya binadamu. Aprili 2023 Turnitin ikaongeza kifaa cha kubaini maandishi ya akili unde, na kampuni nyingine zikawa na vyao.

Hapa inafaa Mkenya awe macho. Mwaka huohuo wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vifaa saba vya aina hiyo kwa insha 91 zilizoandikwa na watu waliojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, ilhali zilikuwa za binadamu. Insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote. Mwanafunzi wetu aliyefundishwa kuanza kila aya kwa kiunganishi na kumaliza kwa muhtasari, kwa Kiingereza nadhifu cha mtihani, yumo hatarini. Chuo kinachomfukuza mtu kwa sababu ya asilimia iliyotolewa na kifaa kitakuwa kimemwonea mwaminifu na kumwacha mjanja.

Sisi ambao kazi yetu ni kuhariri habari za wengine hatuhitaji mtambo kujua kuwa taarifa haikuandikwa na yule aliyeiwasilisha. Mwandishi ambaye miaka mitatu amekuwa akikosea upatanisho wa ngeli haamki siku moja akiandika kama mshairi. Tunalitambua hilo kwa sababu tumekwisha kusoma mamia ya kurasa zake. Tukitilia shaka, tunamwita mezani tunamuuliza: huyu uliyemnukuu ulimkuta wapi? Kwa dakika tano jambo huwa wazi, upande wowote.

Chuo kidogo kina uwezo huohuo, na chuo cha wanafunzi 20,000 hakina. Darasa la watu 40 linaweza kujulikana. Mwanafunzi anaweza kuandika aya mbili darasani wiki ya kwanza, kwa kalamu, zikahifadhiwa. Anaweza kutakiwa alete rasimu ya kwanza na ya pili ya mradi wake, na siyo kitabu kilichokwisha kujalidiwa. Anaweza kupewa mada iliyo karibu naye: bei za mitumba Gikomba, mafundi wa Kamukunji, karakana za Kariobangi, jinsi wapangaji wa Pipeline wanavyopata maji. Mada hizi pia zinaweza kununuliwa, bila shaka. Lakini aliyezinunua hawezi kueleza aliongea na fundi gani, karakana iko upande gani wa barabara, wala kwa nini alibadilisha swali la tatu katika hojaji yake.

Inafaa pia kutazama mahali anaposomea. Chumba kimoja kinachokaliwa na watu wanne, stima ikipotea jioni mara kwa mara, si mahali pa kuandikia tasnifu, na kijana akikosa pa kukaa hukodi saa katika duka la saiba, penye yule muuzaji wa miradi. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya maktaba kongwe ya McMillan iliyo katikati ya jiji, zilifanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk lililoanzishwa mwaka 2017 kwa ushirikiano na serikali ya kaunti. Ni sehemu mbili kwa eneo lote hilo la Eastlands. Chuo kisicho na chumba cha kusomea kingeweza angalau kuwaelekeza wanafunzi wake huko.

Yaliyosalia ni hesabu. Tuseme kila mwanafunzi wa darasa la watu 40 aulizwe maswali ana kwa ana kuhusu mradi wake kwa dakika 10 tu. Hizo ni dakika 400, yaani saa sita na dakika 40, kwa darasa moja kwa muhula. Mhadhiri wa muda hulipwa kwa saa za mihadhara; saa sita na dakika 40 za kuuliza maswali hazimo katika mkataba wake. Chuo kinacholipa ada ya kila mwaka ya mtambo wa kulinganisha maandishi kingeweza kuziweka pembeni fedha za saa hizo, kikamlipa kabla ya muhula kwisha.